Mungu Hangoji Dakika ya Mwisho

Kuna ushuhuda ambao makanisa yetu hayachoki kuusikia. Wahusika hubadilika, kisa ni kile kile. Jumapili hii ni ada ya mtoto aliyekwisha kurudishwa nyumbani; ijayo ni kodi, na mwenye nyumba ameshafika mlangoni na kufuli jipya; nyingine ni bili iliyomzuia mzazi na kichanga chake wodini. Mambo yanakaza, saa zinahesabiwa, mtoa ushuhuda anapiga magoti, na dakika tano kabla ya aibu simu inalia: pesa imeingia. Vigelegele. Mchungaji anapokea kipaza sauti na kuufunga mjadala kwa msemo unaojulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kanisa: Mungu hachelewi, wala hawahi.

Kwamba hachelewi, nakubali. Ugomvi wangu uko kwenye hicho kipande cha pili.

Maana kimekuwa fundisho kamili, ingawa hakuna sinodi iliyokipitisha. Kinafundisha kwamba riziki ya Mungu hutambulikana kwa kufika ukingoni, na kwamba ikija mapema huo si muujiza, ni mshahara tu. Mama aliyeweka elfu mbili mbili kwenye kikoba mwaka mzima, akalipa ada shule zilipofunguliwa, haitwi mbele. Hana cha kusimulia. Jirani yake ambaye hakuweka kitu, akakesha akiomba, akaokolewa na shemeji saa kumi na moja jioni, ndiye anayeshika kipaza sauti. Fanya hivyo miaka ishirini, na utakuwa umewafundisha watoto wa kanisa zima kwamba Mungu alikuwa kwa huyu, na kwa yule hakufika.

Wanaotaka kuipiga imani ya namna hii hukimbilia Shakahola, kule Kilifi, ambako mwaka 2023 ilianza kufukuliwa miili iliyozidi 400 ya watu waliofunga kula ili wakakutane na Bwana. Sitaki ushindi wa rahisi hivyo. Wale wa Shakahola hawakuwa wakingoja riziki, walikuwa wamefundishwa kuikataa. Mimi nabishana na watu wazuri, wachapakazi, wenye akili zao, ambao wakitaka kulitetea fundisho lao hawataji manabii wa mjini wanaouza mafuta na maji. Wanamtaja mtu mwenye heshima: George Müller wa Bristol.

Kisa chake kimevuka bahari zamani. Asubuhi moja nyumba ya yatima haina chakula. Watoto wameketi mezani, vyombo vitupu. Müller anashukuru kwa chakula ambacho hakipo. Hodi: ni mwokaji mikate, alikosa usingizi, akaamka usiku wa manane kuwaokea watoto. Kabla hajafika mbali, hodi nyingine: muuza maziwa, mkokoteni umevunjika mbele ya nyumba, maziwa yataharibika, heri wayanywe yatima. Nimekisikia kisa hicho kwa Walutheri na kwa Wapentekoste, na kila mara kinahitimishwa kwa namna moja: waona? Hakuweka akiba, hakupanga, aliamini tu.

Hapo ndipo penye kasoro. Sina haja ya kuukana mkate wala maziwa. Lakini Müller aliishi miaka 92, na hiyo ni asubuhi moja.

Alizaliwa Prussia mwaka 1805. Ujanani alikuwa mwizi wa kweli kweli. Aliiba hata fedha za serikali alizokabidhiwa baba yake, aliyekuwa mkusanya kodi. Aliokoka akiwa mwanafunzi huko Halle, mji ambamo August Hermann Francke alikuwa ameanzisha nyumba ya yatima zaidi ya karne moja kabla yake. Akavuka kwenda Uingereza mwaka 1829, na mwaka 1836 akafungua nyumba ya kupanga katika Mtaa wa Wilson, Bristol, kwa ajili ya wasichana 30. Kufikia mwaka 1870 alikuwa na majengo makubwa matano juu ya Ashley Down, yenye nafasi ya watoto 2,050. Katika maisha yake alilea yatima zaidi ya 10,000, na hakumwendea mtu yeyote kumwomba fedha. Yote hayo ni kweli, na wahubiri wanayasema kwa haki. Wanachokiacha ni daftari.

Müller aliandika kila kilichoingia, mpaka senti ya mwisho. Mtoaji alipewa stakabadhi. Taarifa zilichapishwa, michango ikiorodheshwa bila majina ya waliotoa, ili asome yeyote atakaye. Alikataa deni; alipoona hatari ya kununua kwa malipo ya baadaye, aliagiza kila kitu kilipwe papo hapo. Jengo la kwanza la Ashley Down halikuanza kupanda mpaka fedha za kulijenga zimekusanyika. Huyu tunayemfanya mtakatifu wa dakika ya mwisho alikuwa, kwa kazi yake ya kila siku, mhasibu. Mhasibu mwombaji, sawa, na pengine aliomba kuliko sisi sote; lakini mweka hazina wa kanisa ambaye hajawahi kusoma mapato na matumizi mbele ya waumini hana haki ya kumtaja Müller.

Mpinzani wangu akiwa amesoma atanijibu kwamba Müller mwenyewe aliupenda ukingo. Na ni kweli, kwa kiasi fulani. Mwishoni mwa mwaka 1841, sanduku likiwa karibu tupu, aliahirisha mkutano wa hadhara na taarifa ya mwaka, ili mtu asiseme kwamba anaomba kwa kuzunguka mlango. Alitaka ionekane wazi kwamba anamtegemea Mungu tu. Namheshimu kwa hilo. Lakini tuendelee kusoma, maana miaka ile, kuanzia 1838 hadi 1843 hivi, ndiyo yenye visa vingi vya senti kuingia saa ya chakula. Zilitoka wapi? Müller hakuficha. Mara nyingi zilitoka mifukoni mwa wafanyakazi wa nyumba zile, walezi na walimu ambao wenyewe walikuwa na kidogo. Walikutana, wakaomba, kisha mmoja akatoa alichonacho chote, mwingine akauza vitabu au kitu chake cha thamani, na siku ikapita. Muujiza ulikuwa chumbani tangu mwanzo, umevaa aproni.

Na muuza maziwa je? Tunamsimulia kana kwamba alishushwa na malaika. Kwa upande wake, asubuhi ile aliamkia hasara: gurudumu la kutengeneza, wateja waliokosa maziwa, mapato ya siku yamekwenda. Sijawahi kusikia mahubiri yanayouliza yeye alilishwa na nani jioni ile. Labda naye alibisha hodi mahali.

Kama ni lazima tuwe na kisa cha Bristol, mimi nakipenda kingine, ambacho Müller amekiandika kwa mkono wake. Mwishoni mwa Novemba 1857 boila ya kupashia joto jengo la kwanza ilianza kuvuja. Ilikuwa imezungushiwa matofali, hivyo ili kuiona ilibidi ukuta uvunjwe na moto uzimwe, na ndani kulikuwa na watoto wapatao 300, wengine wachanga, na baridi imeanza. Müller alipanga siku, akawaita mafundi. Kisha upepo wa kaskazini ukavuma. Akaomba mambo mawili: upepo ugeuke uwe wa kusini, na mafundi wapewe moyo wa kazi kama wale waliojenga ukuta pamoja na Nehemia. Siku ya kazi upepo ukageuka. Jioni bwana wao akamwambia Müller kwamba watu watafanya kazi mpaka usiku, halafu warudi mapema kesho. Kiongozi wa mafundi akakatiza: bwana, sisi tungependa kufanya kazi usiku kucha.

Wahubiri wakikigusa kisa hiki, hushika upepo. Mimi nashika ombi la pili. Mtu aliyejua kuomba kuliko karibu wote wa zama zake hakuomba boila ijizibe. Aliomba fundi awe na moyo.

Tuiache Bristol twende kwenye Maandiko yenyewe, maana huko ndiko fundisho hili linakodai kuzaliwa. Mana, wanasema. Iliteremka kila siku, na aliyeilaza mpaka asubuhi alikuta imeingia funza. Basi kuweka akiba ni kukosa imani. Hiyo ni nusu ya sura ya kumi na sita ya Kutoka. Nusu ya pili inasema siku ya sita waliokota mara mbili, wakaiweka, na haikuoza, kwa sababu aliyewaamuru wasiweke jana ndiye aliyewaamuru waweke leo. Funza hawakuwa adhabu ya ghala. Walikuwa adhabu ya kutosikia. Na kuna mstari ambao sijausikia ukihubiriwa hata mara moja, katika sura ya tano ya Yoshua: Waisraeli walipokwisha kuvuka Yordani wakala mazao ya nchi, kesho yake mana ilikoma. Ikakoma kabisa. Kama riziki ya kweli ni ile ya kudondoka alfajiri, siku ile ilikuwa msiba wa taifa, Mungu ameondoka. Maandiko hayaoni hivyo. Kuanzia hapo walikula nafaka ya Kanaani, ambayo ilikuwa imepandwa miezi mingi kabla, tena na watu wengine, na hiyo nayo ilihesabiwa kuwa ahadi imetimia. Jangwa lilikuwa njia. Sisi tunataka kulifanya makazi.

Au mjane wa 2 Wafalme 4, ambaye mdai alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Hiyo ni dakika ya mwisho kama zipo. Elisha alianza kwa kumuuliza ana nini nyumbani, kama anavyouliza ofisa mikopo wa SACCOS. Kisha akamtuma kwa majirani wote kuazima vyombo, na akamwonya asiazime vichache. Mafuta yalitiririka mpaka vyombo vikaisha, vilipoisha, yakakoma. Yaani ukubwa wa muujiza uliamuliwa na idadi ya majirani waliokubali kutoa mitungi yao. Hatimaye akaambiwa auze mafuta, alipe deni, salio wale yeye na watoto. Kisa kilianza kwa nabii kikaishia sokoni, na hakuna aliyeona hilo ni kushuka.

Ndugu zetu Waislamu wana somo hili kwa ufupi zaidi. Mtume aliulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake au amwache amtegemee Mungu, akamwambia amfunge kisha ategemee. Na ndege aliowatolea mfano wa kutegemea ni wale wanaotoka asubuhi na njaa. Wanatoka. Hawangoji kiotani.

Lakini hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa pili si ya mana wala ya Müller. Ni hii: moyo wa mtu ni mwepesi wa kusahau. Ghala likijaa, anaanza kulitegemea ghala. Mungu humfikisha ukingoni ili ajue ni nani anayemlisha, na asiyefikishwa huko hatamjua. Nimeijadili hoja hii na wazee wa kanisa ninaowaheshimu, na sioni vema kuipuuza. Hatari wanayoitaja ni ya kweli. Musa aliiona katika Kumbukumbu la Torati, sura ya nane, alipowaonya watu kwamba wakishakula wakashiba, wakajenga nyumba nzuri na mifugo ikaongezeka, mioyo yao itainuka. Ila tazama dawa aliyoitoa. Hakuwaambia wasijenge, wala wasishibe. Aliwaambia wakumbuke. Ugonjwa wa kusahau unatibiwa kwa kumbukumbu, na sisi tunautibu kwa njaa, tena njaa ya watu wengine, maana ukiangalia vizuri utakuta wanaohubiri uzuri wa ukingo mara nyingi wana bima ya afya.

Hapa nataka kusema jambo kuhusu wakati, kwa kuwa mabishano yote haya ni juu ya wakati. Mwaka 2003 Kenya ilifuta ada ya shule za msingi. Mwaka uliofuata, mzee Kimani Maruge, mwenye umri wa miaka 84, alikwenda kuandikishwa darasa la kwanza katika shule moja ya Eldoret, amevaa kaptura ya sare. Miongoni mwa sababu alizotoa ni kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, ajue kama wahubiri wanasema yaliyomo. (Hiyo sababu peke yake ingetosha kumpa heshima.) Je, riziki yake ilichelewa? Kwa hesabu ya binadamu, kwa miaka kama 78. Kwa watoto wa miaka sita walioketi naye darasani, ilifika siku ile ile waliyoihitaji, bila mama zao kukesha wala kulia. Tanzania ilifuta ada za msingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 ikaongeza sekondari mpaka kidato cha nne. Mamilioni ya watoto waliingia darasani. Kama mtoto mmoja kulipiwa ada saa kumi na moja jioni ni tendo la Mungu, mamilioni kulipiwa asubuhi ni tendo la nani? Sijasikia ushuhuda mmoja juu ya sera ya elimu. Pengine kwa sababu waziri wa fedha hafanani na kunguru wa Eliya.

Hospitalini ni vivyo hivyo. Tunamshukuru Mungu kwa mama aliyetolewa wodini baada ya mchango wa ghafla, na tunafanya vema. Lakini mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua, katika kesi ya wanawake waliozuiliwa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, kwamba kumfungia mzazi kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake. Wanawake wawili walithubutu kushtaki. Ukiamini kwamba Mungu hufungua milango ya magereza, uamuzi ule unapaswa kusomwa madhabahuni.

Turudi sasa kwa ile simu inayolia, pesa imeingia. Chunguza shuhuda za ukoo mmoja kwa mwaka mmoja, utakuta muujiza una jina na namba ya simu. Ni dada mmoja muuguzi, au kaka aliyeajiriwa Nairobi, au binamu aliyeko Dubai. Ndiye dakika ya mwisho ya watu ishirini. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, hata umbali haumkingi tena. Zamani shida ilimfikia kwa barua, sasa inamfikia akiwa kwenye daladala. Aliyepokea anasimama kanisani akisema Mungu ametenda, na jina la mtumaji halitajwi, eti utukufu umrudie Bwana. Hajui kwamba pesa ile ilitoka kwenye mkopo wa simu, Fuliza au Songesha, na mtumaji anailipa na riba. Fundisho la dakika ya mwisho limekula akiba ya watu hawa, kwa sababu limewaambia ndugu zao kwamba hakuna haja ya kupanga Desemba kwa ajili ya Januari: Mungu atafanya njia. Njia imefanywa, naam. Imepita juu ya mgongo wa dada muuguzi.

Na kuna wale ambao dakika ilifika ikapita. Simu haikulia. Mtoto alifukuzwa kweli, mgonjwa alifariki kweli. Fundisho hili halina la kuwaambia isipokuwa kuwapa shaka kwamba imani yao ilipungua, na ndiyo maana hawarudi Jumapili inayofuata. Müller alikuwa na la kuwaambia. Alimzika mwanawe mdogo mwaka 1835, kabla hata ya kufungua nyumba ya kwanza. Mwaka 1870 alimzika mkewe Mary baada ya miaka karibu arobaini ya ndoa, akahubiri mazishini mwenyewe: Bwana alikuwa mwema aliponipa, mwema aliponiachia muda mrefu, mwema alipomchukua. Mtu wa namna hiyo hakumjua Mungu kwa saa ya mkononi.

Sisemi Mungu hatendi ukingoni. Hutenda, na anayeokolewa huko ashukuru kwa sauti yote aliyonayo. Nakataa tu kuambiwa kwamba huko ndiko nyumbani kwake. Katika Matendo ya Mitume, Agabo alitabiri njaa kubwa, na wanafunzi wa Antiokia hawakungoja iwaumize ndugu wa Uyahudi ili Mungu apate kisa. Walichanga, kila mtu kwa uwezo wake, wakatuma kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Na kabla ya hapo, Yerusalemu, wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliponung'unika kwamba wanarukwa katika mgawo wa kila siku, mitume hawakuwaitia mkesha. Waliwaambia wanafunzi wachague watu saba wa kusimamia chakula, kisha wakawawekea mikono. Wa kwanza kutajwa kati ya hao saba ni Stefano. Anayeona kwamba daftari, kamati na mfuko wa dharura ni mambo ya kimwili yasiyostahili kipaza sauti atueleze ilikuwaje hata shahidi wa kwanza wa Kanisa kumwaga damu akatoka kwenye kamati ya chakula.